Kwenye Tamthilia za Kifilipino Mi Siangalii Wapenzi, Namwangalia Mama

Nianze na msimamo wangu kabisa ili anayetaka kununa anune mapema. Kwenye tamthilia za Kifilipino wapenzi ndo watu wanaonichosha kuliko wote. Yule kijana wa kitajiri mwenye jeli kichwani na yule binti maskini anayemwagiwa maji machafu na gari la kijana, mi nawapeleka mbele kwa kidole. Ninaowasubiri ni wamama. Mama aliyekuwa hausigeli akarudi na hela, mama mkwe mwenye mkufu wa lulu na kofi la haraka, mama aliyeko Hong Kong analea watoto kwa simu. Hapo ndo Wafilipino wanajua kuandika, kwingine kote wanavuta muda mpaka tangazo.

Haya sikuyajulia Tanga. Tanga nilikuwa naangalia kama wote, enzi zile za The Promise, kwao inaitwa Pangako Sa 'Yo, tunajazana kwa jirani mwenye TV, wengine mlangoni, watoto chini ya meza. Imetiwa sauti ya Kiingereza, midomo inakwenda huku maneno yanakuja kule, nusu hatushiki. Bibi yangu Kiingereza hajui hata salamu lakini kesho yake asubuhi ndo alikuwa anatusimulia sisi tuliosoma, nani kamdanganya nani na mtoto ni wa nani, na mara nyingi alikuwa yuko sahihi. Mtaani ilikuwa ni wale wapenzi wa humo, Yna na Angelo, Yna na Angelo, mabinti wanasuka kama Yna, na mi nilikuwa nalia Yna akilia kama nimefiwa.

Baadaye nikaenda Muscat, kazi za ndani. Nyumba niliyofikia ilikuwa na Mfilipino mpishi, mtu mzima kunizidi, Wafilipino wenzie walikuwa wanamwita Ate, dada mkubwa, na mi nikamwita hivohivo, ye akawa ananiita sista. Tulikaa chumba kimoja nyuma ya jiko karibu na mashine ya kufulia. Usiku vyombo vikishaisha anapanda kitandani kwake, simu anaiegemeza kwenye kopo la maziwa, earphone moja sikio lake moja langu, ndo sinema ishaanza. Anaangalia kwa Kitagalogi, ananitafsiria kwa Kiingereza chetu kile cha Uarabuni, nusu Kiingereza nusu Kiarabu na mikono.

Siku nilipomwambia kwetu tuliipenda The Promise alifurahi mno, akaitafuta tukaianza upya. Mi nimekaa mkao wa kumsubiri Yna. Ye akanambia, "Sista, huyu mtoto achana naye. Mwangalie Amor."

Na kweli bana, ukimwangalia Amor hiyo tamthilia inakuwa kitu kingine kabisa. Amor ni mtumishi kwenye nyumba ya kina Buenavista, anapata mimba ya mtoto wa nyumba, anafukuzwa. Anahangaika, jalala la taka linaporomoka linafukia watu wake, anaamini na mtoto wake kafa, anaishia Marekani, anarudi Amor Powers, na hela, na nguo, na kisasi. Ate akanieleza kitu ambacho huku kwetu hakuna aliyekuwa anakijua: lile jalala halikutoka kichwani kwa mwandishi. Payatas ni pahala kweli, Quezon City, na Julai mwaka 2000 mlima wa taka uliporomoka kweli ukaua watu zaidi ya 200, wengi wao waokota taka na watoto wao. Tamthilia ikaanza Novemba mwaka huohuo. Yani Mfilipino alivyokuwa anaona Amor anachimbua taka kwa mikono alikuwa anajua ni wapi, sisi Tanga tunasema maskini huyu dada, basi, tunasubiri Angelo atokee.

Halafu kuna Claudia, mke wa yule mwanaume. Amor akiwa Eula Valdez na Claudia akiwa Jean Garcia, wakikutana chumba kimoja unaacha unachofanya. Jean Garcia anakutisha hajafungua mdomo. Walikuja kuirudia mwaka 2015, Kathryn Bernardo na Daniel Padilla ndo Yna na Angelo, Jodi Sta. Maria akawa Amor na Angelica Panganiban akawa Claudia, picha nzuri, magari mapya, lakini mi bado nasimama na ya zamani. Claudia wa pili ana vichekesho vingi mno, unampenda, na Claudia hatakiwi kupendwa.

Huyu Jodi Sta. Maria ndo yule Maya wa Be Careful With My Heart, na hapa nina maneno. Ile ilirushwa kwao kuanzia 2012 hadi 2014, binti wa kijijini anatafuta uhudumu wa ndege, anaishia kuwa yaya nyumbani kwa bosi mjane, mpole, mzuri, wanamwita Ser Chief, na mwisho wanaoana. Nchi nzima ililewa. Sasa ebu fikiria inaangaliwa na watu wawili wa kazi za ndani wamelala kwenye chumba cha nyuma ya jiko. Tulicheka mpaka tukazibana midomo kwa mto madam asiamke. Ser Chief anamuuliza yaya umekula? Anamfunika shuka kalala kwenye kochi! Ate akawa kila nikimuudhi ananambia ngoja Ser Chief aje akuchukue. Tuliicheka lakini tuliimaliza yote, sitadanganya, na siku ya harusi Ate alipaka hina… hapana, rangi ya kucha, nyekundu, akaifuta asubuhi kabla ya kuingia jikoni.

Kilichonibadilisha ni filamu, sio tamthilia. Inaitwa Anak, ya mwaka 2000, kaongoza Rory Quintos, na Vilma Santos ndo Josie, mama aliyekuwa Hong Kong kazi za ndani miaka mingi anarudi nyumbani. Hakuna risasi humo, hakuna mtoto aliyebadilishwa hospitali. Anashuka na maboksi ya zawadi na kitoto chake cha mwisho kinamwona mgeni. Mkubwa, Carla, Claudine Barretto huyo, hataki hata kumtazama, kwasababu baba yao alikufa mama yuko huko na hakuja kuzika. Mama kaleta saa, kaleta nguo, nguo zenyewe hazijui zimtoshe nani maana hajui watoto wamekuwa kiasi gani.

Kuna sehemu Josie anamlipukia Carla, kwamba kila sigara unayovuta na kila pombe unayokunywa na hela ninayotuma, fikiria ni milo mingapi niliacha kula ili hiyo hela ifike. Nilimgeukia Ate kusikia tafsiri. Hakuwa anatafsiri. Alikuwa anasema yale maneno pamoja na Vilma, neno kwa neno, kimyakimya, midomo tu inacheza. Pembeni ya kitanda chake kulikuwa na lile boksi lao, kila Mfilipino wa ughaibuni analo, analijaza taratibu mwezi kwa mwezi, sabuni, taulo, nyama za kopo, chokoleti, likijaa linakwenda kwa meli. Hata sisi wa Tanga na Unguja tunafanya, mablanketi na maziwa ya unga na manukato, tofauti wao wameitia kwenye sinema na sisi hatujatia.

Toka hapo nikawa na kipimo changu. Filamu ya Kifilipino nikiianza nauliza nani kaondoka kwenye nyumba hii na nani kabaki analea. Ukiuliza hivo unaona kitu kipo kila mahali. Baba yuko Saudia, hatokei hata mara moja, lakini hela yake imejenga ukuta unaouona nyuma ya waigizaji. Bibi ndo analea. Serikali yao inawaita hawa watu mashujaa wapya, toka enzi za Rais Cory Aquino, na sinema zao zinapenda sana kuhoji huo ushujaa, shujaa gani mtoto wake hamjui.

Hello, Love, Goodbye ya 2019 kwa mfano. Wengi wanaiona ya mapenzi, Kathryn Bernardo na Alden Richards Hong Kong, ye Joy hausigeli aliyesomea uuguzi anapigania kwenda Canada, kijana anahudumia wateja baa. Sawa. Lakini angalia zile Jumapili. Hong Kong wadada wa kazi siku yao ya mapumziko wanajaa pale Central, wanatandika maboksi chini, wanakula, wanasukana, wanapiga simu nyumbani, na kamera inapita katikati yao. Mi Muscat sikuwa na Jumapili wala Ijumaa ya kutandika boksi, kwahiyo nilikuwa naangalia lile boksi kwa wivu kuliko Alden. Na ninachoiheshimu ile filamu, Joy anaondoka. Mwanaume anampenda, yeye anampenda, na anapanda ndege. Walipokuja kutoa mwendelezo 2024, Hello, Love, Again, ikawa ya kwanza ya Kifilipino kuvuka mapato ya peso bilioni 1, hongera zao, lakini mi naona ile ya kwanza ilikuwa imeshasema.

Na hapo niseme kuhusu hizi kapo zao, love team wanaziita. Kampuni inachukua kijana na binti wadogo, inawaunganisha, inawauza pamoja miaka na miaka, filamu pamoja, matangazo ya shampuu pamoja, mashabiki wana jina moja la wote wawili, kama Kathryn na Daniel walivyokuwa KathNiel, na ole wake binti aigize na mwanaume mwingine. Matokeo yake unapata waigizaji wazuri wanaocheza nusu, wanaogopa mashabiki. Kathryn alivyotoka nje ya kapo kwenye ile ya Hong Kong, tena na mwanaume wa kampuni pinzani maana Alden alikuwa wa GMA na yeye wa ABS-CBN, vituo vya TV vinavyoshindana, ndo nikajua kumbe huyu dada anajua kuigiza hivi! Mwangalie anavyosugua sinki la bosi. Mikono ya mtu anayejua sinki.

Urefu nao jamani. Kwetu tunasema steringi hafi, wao wamechukua hilo wakalitia chumvi mpaka likaharibika. FPJ's Ang Probinsyano, ya yule polisi Cardo Dalisay anayeigizwa na Coco Martin, ilianza Septemba 2015 ikaisha Agosti 2022, episodi zaidi ya 1,600. Kapigwa risasi, kazamishwa, kalipuliwa, mke kafa, kaoa tena, rais kaingia humo, Cardo yupo tu. Ate aliniambia kuna watoto wamezaliwa kwao wameanza shule Cardo hajamaliza kazi. Hata kituo chenyewe kilifungwa Cardo akabaki: Mei 2020 ABS-CBN leseni iliisha wakaamriwa kuzima mitambo, Julai kamati ya bunge ikakataa kuwapa nyingine, kura 70 kwa 11. Siku ya kuzimwa Ate alikaa kwenye simu hakula. Mi nilikuwa nasema ni TV tu hii, akanieleza kwamba enzi za Rais Marcos mwaka 1972 walikizima vilevile, kikaja kurudi 1986, na kwa mtu aliyeko mbali kile kituo ndo kilikuwa dirisha la kuona nyumbani. Cardo akahamia kwenye kebo na intaneti, risasi zikaendelea.

Sasa la rangi, maana hili likinipita nitakuwa mnafiki. Ukiangalia mfululizo unaanza kuona steringi wote weupe, nusu yao wana baba Mmarekani au Mzungu, weusi weusi wa Kifilipino wanakuwa madereva, wapishi, rafiki wa kuchekesha. Na mwaka 2011 GMA walitoa kitu kinaitwa Nita Negrita, wakamchukua Barbie Forteza, binti mweupe, wakampaka rangi nyeusi mwili mzima na nywele za bandia acheze mtoto wa baba mweusi Mmarekani. Niliangalia kidogo nikamrudishia Ate earphone yake. Alinyamaza, halafu akanambia kwao hata yeye wanamwita mweusi, alipokuwa mdogo mama yake alikuwa anamsugua na kalamansi, ndimu zao ndogo zile. Tukalala. Barbie huyohuyo miaka imepita kaja kucheza Klay kwenye Maria Clara at Ibarra, 2022, mwanafunzi wa uuguzi anatumbukia ndani ya riwaya ya José Rizal, shujaa wao wa taifa, enzi za Wahispania na mapadri wao, anawabishia kila mtu, na hiyo nakuambia kaitafute, ni akili tupu. Ndo maana nawaambia hawa watu huwezi kuwaweka kundi moja.

Filamu zao za zamani na zile za matamasha watu wa kwetu hawazigusi kabisa, wanasema zinaboa. Himala haiboi. Ya 1982, Ishmael Bernal kaongoza, Nora Aunor ndo Elsa, msichana wa kijiji kikavu hakijaona mvua anasema kamwona Bikira Maria, anaanza kuponya watu. Basi wanakuja! Mabasi, wagonjwa kwenye machela, wauza mishumaa, wauza maji, wenye nyumba wanapangisha, mpaka danguro linafunguliwa. Nilimwambia Ate hii naijua, na nikamsimulia Loliondo 2011, Babu na kikombe chake cha shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita kule porini, wagonjwa walivyotolewa wodini, hadi viongozi walikwenda kunywa. Hakuniamini nikamtafutia picha mtandaoni. Akaziangalia muda mrefu, akasema hawa ni watu wa Himala kabisa, wamebadilisha nguo tu.

Na Ma' Rosa, mwaka 2016, Brillante Mendoza. Jaclyn Jose akapata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes, Mfilipino wa kwanza. Mama ana kiduka cha uchochoroni, anauza biskuti na sabuni, chini kwa chini anauza vipakiti vya dawa za kulevya ili wale. Polisi wanamkamata na mumewe, wanataka hela sio mahakama, na watoto wanatawanyika usiku kutafuta hiyo hela, mmoja anauza TV, mmoja anagonga kwa ndugu anatukanwa, mmoja anauza mwili. Wanapungukiwa kidogo. Mwishoni mama anatoka kutafuta kilichobaki, anasimama kwa muuza vitafunwa vya kijiti, anatafuna huku machozi yanamtoka, anaangalia familia nyingine inafunga kibanda chao. Hasemi kitu. Sijawahi kuona mtu anakula vile kwenye TV, kwetu waigizaji wakila wali unajua kabisa wameshiba.

Kila sehemu ya dunia ina tamthilia, Wamexico tuliwaangalia, Waturuki tunao sasa wamejaa kila king'amuzi, Wakorea ndo usiseme. Na Wafilipino wenyewe wamekula kwa hao wote, Marimar ya Mexico iliwapagawisha miaka ya tisini mpaka GMA wakatengeneza yao 2007. Lakini Mturuki bado anaanzia kwenye jumba la kifahari. Mfilipino anaanzia jikoni kwenye hilo jumba. Mtoto akiingia anachukua mkono wa bibi anaugusisha kwenye paji la uso, kama sisi tunavyobusu mkono wa wazee, na hapohapo nyuma kuna mtu anaosha sufuria na ndo atakuja kuwa hadithi.

Nilivyorudi Tanga niliwaonyesha wadogo zangu Anak. Wakaniuliza kwanini nawawekea filamu haina steringi. Mdogo wangu wa mwisho hakuuliza kitu, alitoka nje katikati, na mi nikajua kwanini ila sikumfuata.

Kule kwao kulikuwa na kipindi kinaitwa Maalaala Mo Kaya, kilianza 1991 kikaenda zaidi ya miaka 30, watu wa kawaida wanaandika barua za maisha yao, Charo Santos anaisoma, waigizaji wanaicheza, na kila episodi inaitwa kwa jina la kitu kimoja kutoka kwenye ile barua. Charo huyu alikuja kuwa bosi wa kituo kizima, na baada ya hapo akaigiza kwa mwongozaji Lav Diaz kwenye filamu ya karibu masaa manne, nyeusi na nyeupe, ikachukua Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Venice, 2016. Masaa manne sikuyaweza kwa mkupuo, lakini barua nimeziweza sana. Nani wa Bongo Movie atatufanyia hizo barua? Wanawake wa Tanga, Unguja, Mombasa wamejaa Oman na Dubai na Saudia miaka yote, na sinema zetu zikimgusa huyo mtu anapigwa na mwarabu, analia airport, mwisho. Nyumba aliyoiacha hawaingii. Mume aliyeoa kwa hela iliyotumwa hayumo, bibi anayelea hayumo, kiwanja kilichouzwa mara mbili hakimo. Mwandishi akikosa pa kuanzia, achukue grupu la WhatsApp la familia siku ya mshahara, alicheze lilivyo, asiongeze neno.